Ni Nani Aliyeufungua Waraka? Mjadala wa Barua za Siri na Nyayo Zake

WAKILI: Mimi sitaanza kwa nadharia, nitaanza kwa kiwanja. Katika komuni yetu ya Annexe, ambayo imeuzunguka mji wa Lubumbashi na ambayo ndiyo inayopokea kila jengo jipya ambalo mji hauna tena nafasi ya kulipokea, parseli moja ya Kalebuka au ya Luwowoshi huweza kuuzwa asubuhi kwa mtu mmoja, adhuhuri kwa wa pili na jioni kwa wa tatu, na wote watatu wakawa wamepelekewa katika simu zao picha ya hati ile ile, yenye muhuri ule ule, pamoja na maneno matamu ya dalali yule yule. Kadhia ikifika mahakamani kila mmoja huapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuiona hati, na dalali huapa kuwa hakumpelekea yeyote. Nanyi mnaijua sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973: udongo ni mali ya Dola, raia hana juu yake ila haki inayothibitishwa na hati ya usajili, na hati ya kuhamisha haki hiyo ikishatimiza miaka 2 tangu kutolewa, msajili hawezi tena kuifuta kwa kalamu yake mwenyewe, bali mahakama peke yake. Basi nauliza: ukiwapo mfumo wa kupeleka nyaraka kwa siri, uliofungwa kwa ufunguo usiokuwa ila kwa mpelekaji na mpokeaji, na mfumo huo ukaandika pembeni kwamba waraka huu ulitoka kwa fulani saa fulani, ukafunguliwa na fulani, ukanakiliwa mara moja, kisha ukapelekwa kwa mwingine, ni dhambi gani iliyotendeka? Naona haki imepata shahidi asiyekula rushwa.

MWANAHABARI: Shahidi asiyekula rushwa, Bwana Wakili, ni shahidi asiyejua pia kunyamaza. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, haikuishia kwenye maneno yaliyomo ndani ya bahasha. Imetaja heshima ya maisha ya faragha, na siri ya barua, na siri ya mawasiliano ya simu na ya kila namna nyingine ya kuwasiliana. Mtu akijua kwamba nilimwandikia daktari fulani saa sita ya usiku, kwamba alfajiri alinijibu kwa faili nzito, kwamba niliifungua faili hiyo mara tano kabla ya jua kupanda, na kwamba jioni yake nilimwandikia mthibitishaji wa wasia, mtu huyo hana haja ya kusoma neno hata moja. Amekwisha kunisoma mimi. Unaniambia kwamba ndani ya bahasha hakuna aingiaye, ilhali nje yake umeandika kila kitu.

FUNDI: Wakubwa wangu, niruhusuni nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuusimba ujumbe ni kuyageuza maneno yake yasisomeke njiani. Hakufichi kwamba ujumbe umepita. WhatsApp imesimba mazungumzo yake yote tangu Aprili 2016, na hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma, lakini zile tiki mbili za buluu zilizoanza Novemba 2014 zingali zikimwambia mpelekaji kwamba umeshasoma. Katika mazungumzo ya watu wawili unaweza kuzizima. Katika kundi huwezi. Upande wa pili, kampuni ya Signal ilitakiwa na mahakama ya Virginia, huko Marekani, mwaka 2016, itoe yote inayoyajua juu ya mteja, na kilichopatikana kwenye mashine zake kilikuwa tarehe mbili tu: siku akaunti ilipofunguliwa, na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawakukaidi amri; hawakuwa na kingine cha kutoa. Kwa hiyo daftari la nyendo, hilo linaloandika nani alifungua nini na lini, si jambo lililozaliwa pamoja na intaneti, kana kwamba hatuna budi nalo. Ni shauri la anayejenga. Na akiamua kulijenga, mstari mmoja wake huwa na tarehe na saa mpaka sekunde, jina la akaunti, anwani ya mtandao ya kifaa, aina ya simu, jina la faili na tendo lililotendwa: kufungua, kupakua, kuchapa, kumpelekea mwingine, au kujaribu kufungua na kukataliwa. Hilo la mwisho aghalabu ndilo lenye maana kuliko yote.

MWENYE KIOSKI: Nyote mnasema mpelekaji na mpokeaji kana kwamba duniani kuna watu wawili tu. Mimi nina meza moja, kompyuta moja, printa moja na simu moja huko Kasapa, karibu na chuo kikuu, na nambari ya simu hiyo nimeibandika ukutani kwa herufi kubwa ili mteja asinisumbue kwa kuiuliza. Mwanafunzi ananipelekea memwari yake, mzee ananipelekea hati ya kiwanja chake, mama ananipelekea majibu ya maabara ya mwanawe, wote kwa WhatsApp, kwa kuwa hawana printa nyumbani. Faili zinashuka ndani ya kompyuta yangu zikipangana moja chini ya nyingine, hati ya mjane chini ya memwari ya mwanafunzi, cheti cha ubatizo chini ya barua ya kuomba kazi. Umeme ukikatika kabla sijachapa, mteja anangoja kidogo, anachoka, anaondoka na kuniachia siri yake. Katika daftari lenu nitaonekana mimi ndiye msomaji mkubwa wa siri za Annexe yote, nami sijasoma hata moja. Nimetazama tu kama pambizo za ukurasa hazikukatika.

WAKILI: Mama, umenisaidia pasipo kukusudia. Yule mjane leo hajui kwamba hati yake imelala kwako; anadhani imekwenda kwa mwanawe na kurudi. Lau angaliona mstari unaosema kwamba faili yake imepakuliwa katika kifaa cha tatu, na kwamba bado imo, angalikuja kukuomba uifute, au angalimtuma mtu. Siri isiyojulikana imefika wapi si siri tena, ni bahati tu.

MWENYE KIOSKI: Angalikuja, ndiyo, na kijana wangu wa zamu ya jioni angaliitwa mwizi kabla hajaulizwa jina lake.

WAKILI: Asiulizwe kwa ukali; aulizwe tu. Na hebu tuache kuogopa jambo tunalolitenda tangu utotoni. Ni nani katika mji huu anayepeleka barua ofisini akiwa na nakala moja? Unakwenda na nakala mbili. Katibu anachukua ya kwanza, na ya pili anaigonga muhuri wa akize, yaani wa kukiri kupokea, anaandika tarehe na nambari ya daftari, anatia sahihi. Ukirudi nyumbani bila muhuri huo ni sawa na mtu ambaye hakwenda. Na tarishi anayezungusha barua za ofisi hutembea na daftari la kukabidhiana kwapani, na kila mpokeaji hutia sahihi yake kwenye mstari wake. Desturi hiyo ilikuwapo wakati mji huu ungali unaitwa Elisabethville, na sijapata kumsikia mwanahabari akiilalamikia kwa jina la uhuru. Wewe mwenyewe, mwanangu, ukipeleka maombi ya kumhoji mkubwa wa ofisi, huchukui akize?

MWANAHABARI: Nachukua, baba, na ninazo za miaka mingi, na siku moja zitanifaa. Lakini tazama akize ilivyo. Katibu anayegonga muhuri anajua kwamba anaugonga. Akitaka kukataa anakataa mbele ya macho yangu, nami najua kwamba amekataa. Tena akize inakoma mlangoni: inasema barua imepokelewa, basi. Haisemi kwamba mkubwa aliisoma mara ngapi, wala kwamba alisita kwenye ukurasa wa tatu, wala kwamba usiku alimwonyesha mkewe. Ninyi mnataka muhuri unaojigonga wenyewe, gizani, kila mara jicho linapoigusa karatasi. Na upo muhuri mbaya zaidi, ambao makampuni ya matangazo huutumia katika barua pepe: picha ya nukta moja isiyoonekana, ambayo barua ikifunguliwa huitwa kutoka seva ya mpelekaji, na kwa kuitwa huko humjulisha saa uliyoisoma na mtandao uliosomea. Aliyesoma hakutia sahihi popote. Hata hajui kwamba ametoa ushahidi.

WAKILI: Huo wa kificho siutetei. Natetea ule unaotangazwa, ambao kila aingiaye katika mfumo anajua kwamba upo. Na ili usidhani kwamba ninayasema haya kwa ajili ya madalali tu, niruhusu nikurudishe Bunkeya. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akasimamisha ufalme wake wa Garenganze katika nchi hii, na ambaye misafara yake ya shaba na pembe ilikuwa miongoni mwa njia zilizoileta lugha hii mpaka kwetu, alimkatalia Mwingereza Alfred Sharpe mwaka 1890 alipomjia na mkataba wa kutiwa sahihi. Baadaye akageuza shauri, akamwandikia Sharpe barua ya kumwita arudi. Barua ile iliangukia mikononi mwa msafara wa Kapteni Stairs, aliyekuwa akija upande huu kwa maslahi ya Mfalme Leopold, na Sharpe hakurudi. Stairs akafika Bunkeya katikati ya Desemba 1891. Tarehe 20 ya mwezi huo huo Msiri akauawa kwa risasi, na Katanga ikaingia katika Dola Huru ya Kongo. Sisemi kwamba nchi hii ingalikuwa na heri zaidi chini ya Waingereza. Jirani zetu wa Zambia watatuambia habari zao. Nasema kwamba mwenye barua alistahili kujua kuwa barua yake imekamatwa. Alinyimwa hata habari hiyo, na mfalme asiyejua kwamba neno lake halikufika hupanga mambo yake juu ya hewa.

MWANAHABARI: Umechagua mfano mzuri mno, nami nauchukua uwe wangu. Tufanye kwamba daftari la nyendo lilikuwapo Bunkeya, lililoandikwa kwa uaminifu na kwa saa kamili. Linahifadhiwa wapi? Katika boma la Msiri. Na boma hilo Desemba 1891 liko mikononi mwa nani? Stairs aliyepata barua moja njiani angalipata sasa barua zote: wamisionari waliomwandikia mfalme, wakuu wa chini waliokuwa wakinong'ona naye na wale waliokuwa wakinong'ona dhidi yake, matarishi ni akina nani, walilala kwa nani, na ni kijiji gani kilichowapa chakula. Barua moja iliyokamatwa ni hasara ya barua moja. Daftari likikamatwa, ni nchi nzima imekamatwa, pamoja na wale ambao hawakuandika ila salamu.

WAKILI: Unalisema jambo la vita. Mimi nalisema la amani.

MWANAHABARI: Nalisema la juzi. Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura. Tarehe 31 intaneti ikakatwa nchini, ikakaa imekatwa takriban siku 20, na makampuni ya simu yakatii kwa kuwa leseni zao ziko mkononi mwa mwenye amri. Mkono unaoweza kufunga bomba unaweza pia kuomba daftari, na kuomba daftari ni kazi ya kimya kuliko kufunga bomba: hakuna atakayepiga kelele, kwa sababu hakuna atakayejua.

FUNDI: Hapo sina la kupinga. Tulipokatiwa, kila mtu alihisi siku hiyo hiyo. Daftari likisomwa na mtu asiyestahili, hakuna taa inayozimika.

WAKILI: Basi turudi kwenye sheria, kwa sababu dawa ya mkono mrefu ni sheria, si kuvunja kalamu. Tunayo Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na humo maandishi ya kielektroniki yamepewa nguvu sawa na maandishi ya karatasi, maadamu mwandishi wake anatambulika na uzima wake umehifadhiwa. Masharti hayo mawili, kumtambua mtu na kuhifadhi uzima, utayatimizaje bila ya daftari? Mnaleta faili mbele ya jaji, mnamwambia, hii ndiyo hati. Jaji anauliza, nitajuaje kwamba haikuguswa njiani. Nanyi mtamjibu kwamba mliona haya kuandika ni nani aliyeigusa?

FUNDI: Uzima wa daftari lenyewe unawezekana, baba, na si jambo la miujiza. Kila mstari hubeba ndani yake alama ya hesabu iliyokokotolewa kutokana na mstari uliotangulia, hata ukija leo ukabadilisha herufi moja ya mstari wa juzi, alama zote kuanzia juzi hazilingani tena, na udanganyifu unajitangaza. Lakini daftari lisilobadilika laweza kuwa limeandika kombo tangu mwanzo, na hapa kwetu sababu ziko tele. Chukua saa. Seva iko Kinshasa, simu iko Annexe, na baina yetu na Kinshasa kuna tofauti ya saa moja: hapa ikiwa saa nne asubuhi, kule ni saa tatu. Dalali anatuma hati saa nne kwa saa ya hapa. Mnunuzi anaifungua saa nne u nusu. Mfumo uliojengwa kwa haraka unaandika kutuma kwa saa ya simu na kufungua kwa saa ya seva, na mahakamani inaonekana mnunuzi aliifungua hati saa tatu u nusu, nusu saa kabla haijatumwa. Jaji atasema nini? Atasema mmoja wenu ni mchawi au mwongo, na hukumu ya nchi hii haishughuliki na wachawi.

WAKILI: Kosa la saa hurekebishwa kwa kuandika saa ya mahali pamoja na saa ya ulimwengu. Si hoja ya kulitupa daftari.

FUNDI: Kweli, hurekebishwa. Lakini mstari unasema akaunti, hausemi mtu.

MWENYE KIOSKI: Hapo ndipo penyewe. Katika nyumba nyingi ninazozijua, simu yenye intaneti ni moja. Baba anaondoka nayo, jioni mama anaishika, usiku mtoto anaifanyia kazi ya shule, na nambari ya siri wanaijua wote, kwa kuwa kuificha kungalileta ugomvi mkubwa kuliko kuitangaza. Wengine kadi ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji aliyekwenda Kolwezi. Sasa mnaniambia daftari limesema fulani alifungua. Fulani yupi?

WAKILI: Sahihi ya mkono nayo hughushiwa, Mama, wala hatujaacha kutia sahihi. Ushahidi hupimwa pamoja na ushahidi mwingine. Hakuna aliyesema mstari mmoja utoshe kumfunga mtu.

MWANAHABARI: Umetosha, Bwana Wakili, na mahali penye majaji hodari. Mwaka 2017, huko Marekani, binti aitwaye Reality Winner, aliyekuwa akifanya kazi ya kandarasi katika shirika la kijasusi la NSA, alichapa waraka mmoja wa siri uliohusu majaribio ya Warusi ya kuingilia mitambo ya uchaguzi, akautia katika bahasha, akaupeleka kwa posta kwa gazeti la mtandaoni. Kwa posta, nasema. Karatasi na stempu, hakuna tiki hata moja. Lakini mfumo wa ofisini ulikuwa umeandika ni akina nani walioufungua waraka ule wakauchapa: watu 6. Kati ya hao 6, mmoja alikuwa amewahi kuliandikia gazeti lile barua pepe kwa kompyuta ya kazini. Upelelezi ukaisha karibu palepale, na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 63. Huo ndio uwezo wa daftari lako. Na sasa twende nyumbani. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa watumishi wa benki ya Afriland mjini Kinshasa, walitoa nje nyaraka walizosema zinaonyesha fedha zikipitishwa kwa njia zisizo halali, na miongoni mwa waliotajwa alikuwa Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini aliyewekewa vikwazo na Marekani tangu Desemba 2017. Benki ilikana. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa ikawahukumu vijana wale adhabu ya kifo, wenyewe wakiwa ng'ambo. Nao, kama walivyosema watetezi wao, hata habari ya kesi hawakuwa nayo. Shaba na kobalti zinazozungumzwa katika nyaraka za namna hiyo zinachimbwa mkoani kwetu na kwa jirani zetu wa Lualaba. Nionyeshe, baba, ni mstari gani katika daftari lako unaosema kwamba aliyefungua faili hii alikuwa anaiba, na ni upi unaosema kwamba alikuwa anaokoa.

WAKILI: Hakuna. Daftari haliandiki nia. Nia huandikwa na mahakama, nayo huweza kuiandika vibaya, na hukumu uliyoitaja mimi siitetei hata kwa nusu neno. Lakini usinichagulie kila mara mwenye nyaraka awe tajiri na anayezitoa awe shujaa. Kikulacho ki nguoni mwako: hati za Annexe hazitolewi na wadukuzi wa ng'ambo, hutolewa na mtu mwenye kiti na meza, anayejua kwamba mwenye kiwanja amefariki na warithi wako mbali, akaipiga picha faili yao na kumpelekea dalali kwa simu, kwa siri kamili, kwa usimbaji ule ule unaousifu. Mgonjwa aliyepimwa damu, na majibu yake yakajulikana mtaani kabla hayajamfikia yeye mwenyewe, atamshika nani? Na yupo wa tatu ambaye hujamtaja, naye ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote: karani mdogo asiye na kosa. Faili ikivuja ofisini pasipo daftari, lawama haimwendei aliyeivujisha, humwendea aliye mnyonge kuliko wengine. Nimewatetea wa namna hiyo. Mtu anafukuzwa kwa kuwa meza yake ilikuwa karibu na kabati. Huyo, mstari mmoja unaosema kwamba hakuifungua faili ile siku ile, ungalimrudishia mshahara wake na heshima yake.

MWANAHABARI: Hoja hiyo nzito, nami siipuuzi. Lakini karani huyo mdogo ni yupi ambaye bosi wake atamkubalia kulisoma daftari? Daftari hukaa kwa mwenye ofisi. Likimsafisha mdogo na kumchafua mkubwa, siku ya kesi tutaambiwa seva iliungua kwa hitilafu ya umeme, na katika mji huu nani atabisha habari ya umeme?

FUNDI: Ndiyo maana nasema lisikae kwa mmoja. Inawezekana daftari lenyewe lisimbwe, na lifunguliwe kwa funguo mbili, wa mpelekaji na wa mpokeaji, na anayeendesha seva asiwe nao hata mmoja. Yeye anahifadhi tu asichoweza kukisoma. Polisi akija, anapewa gunia la herufi zisizo na maana; karani akishtakiwa, ananakili mistari yake mwenyewe, na alama za hesabu zinathibitisha kwamba haikuchezewa.

WAKILI: Na dalali mwizi akiutupa ufunguo wake mtoni?

FUNDI: Basi daftari halifunguki.

WAKILI: Kwa hiyo umejenga mfumo ambao mwizi peke yake ndiye mwenye kura ya turufu. Mimi nataka ufunguo wa tatu, uwekwe mahakamani, usitolewe ila kwa amri ya jaji iliyoandikwa, yenye jina la mtu mmoja na faili moja.

MWANAHABARI: Mahakama ile iliyotoa hukumu ya mwaka 2020 nayo ingalikuwa na ufunguo huo. Naomba angalau mistari ifutwe baada ya muda. Siku 90.

WAKILI: Siku 90! Mgogoro wa ardhi huanza kuota meno mwenye nyumba anapomwaga msingi, na hapo mwaka umepita. Nimekwambia habari ya miaka 2 ya hati ya usajili. Chini ya hapo daftari halina faida kwa mtu yeyote wa Kalebuka. Mimi nasema miaka 10.

MWANAHABARI: Katika miaka 10 Kongo hubadilisha serikali, na kila serikali hurithi makabati ya iliyotangulia.

MWENYE KIOSKI: Mnapatana bei ya miaka, na mimi bado sijajibiwa. Mteja akinipelekea hati kwa huo mfumo wenu, nami nikaifungua ili niichape, jina langu litakaa humo miaka 10 pembeni ya kiwanja nisichokijua kiliko. Wakigombana wenyewe kwa wenyewe, nitaitwa. Nikiitwa, kioski kinafungwa siku hiyo, na siku hiyo hakuna atakayenilipa.

FUNDI: Kwako Mama inafaa pawe na kufungua kwa namna nyingine: mteja anakuja, anaiweka simu yake kwenye printa yako, faili inachapwa pasipo kushuka katika kompyuta, na daftari linaandika kwamba imechapwa na mwenyewe. Jina lako halimo.

MWENYE KIOSKI: Hilo nalikubali, ikiwa printa hiyo mtaninunulia ninyi.

FUNDI: Printa tutazungumza. Lakini mimi lazima nijenge, na siku ya kujenga sina nafasi ya kuandika hoja za pande mbili. Kuna swichi moja, na mfumo ukitoka utatoka imewashwa au imezimwa, na wengi hawataigusa mpaka kufa kwao. Niiweke vipi?

WAKILI: Kwa mazungumzo ya kawaida, izime, nimekubali, barua za watu ni za watu. Lakini hati za ardhi, za hospitali na za fedha za umma, iwashwe, na isizimike.

MWANAHABARI: Isizimike kwa hati za ardhi. Vema. Na yule karani wa ofisi ya ardhi anayeona parseli za warithi zikigawanywa usiku kwa wakubwa, akaitoa hati moja akanipelekea mimi ili watu wajue, hati hiyo ni ya ardhi au si ya ardhi?

WAKILI: Ni ya ardhi. Huyo asianze kwako. Aje kwanza kwa wakili, ambaye amefungwa na siri ya kazi yake, nami nitamwonyesha njia ya kuufikisha waraka ule bila ya kujiangamiza.

MWANAHABARI: Atakuja kwako, baba, na hati mkononi. Na daftari litakuwa limeshaandika saa aliyoichapa.